Pasi Iliyobangua Korosho

Juzi mjukuu wangu Rukia aliungua sikio, akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Alikuwa mbele ya kioo na pasi yake ya umeme, simu kaibana begani, anaongea na mtu ambaye sikutajiwa jina lake, na huku eti ananyoosha nywele. Nikamwambia kuchoma nywele ni kazi ya mikono miwili na akili nzima, wala haichanganywi na mapenzi. Akanigeukia, kashika sikio lake, akaniuliza, "Kwani bibi, wewe hukuwahi kumuunguza mtu?"

Nilijifanya sikusikia. Ukifika umri wangu unaruhusiwa. Lakini swali lilinikaa moyoni, maana mimi Somoe, niliyechoma nywele za wanawake wa Kilwa tangu nikiwa mwali mpaka magoti yalipokataa kunisimamisha, niliwahi kuunguza masikio matatu kwa alasiri moja, na mojawapo lilikuwa la mke wa mwenyekiti wa kijiji. Tena kwa pasi iliyokuwa imeshapigwa marufuku. Basi ninyi wasichana mnaojinyoosha nywele nyumbani, chomoeni kwanza hizo pasi ukutani, halafu mnisikilize.

Sisi hatukusema kunyoosha. Tulisema kuchoma, na neno lilistahili kabisa. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na jiko la mkaa, chanuo la shaba lenye mpini, na Mungu. Aliyenifundisha ni Binti Mfaume wa Kivinje, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Chanuo lake alilipata Unguja, na alilitunza kuliko alivyomtunza mume wake wa pili. Aliyeniambia hivyo ni mume wa tatu.

Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa kichwa cha mtu. Alichukua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, akaufunga juu ya kifuu, akaniambia huyo ndiye mteja wangu. Nikizidisha moto, usumba unawaka. Yeye anauliza kutoka ndani, "Somoe, mteja wako yuko wapi?"

"Ameteketea, bibi."

"Kamzike."

Nakwenda kukitupa kifuu jalalani, narudi kuanza upya. Nilizika wateja wengi mwezi ule. Ninyi hamzikagi chochote, mnaanza moja kwa moja na nywele za mbele, halafu mnashangaa kwa nini mnavaa kofia wiki tatu.

Niliyojifunza kwake ni haya, na hata kwa umeme hayajabadilika. Nywele zikauke, na ukavu upimwe kwa vidole, si kwa macho. Mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe yana maji ndani yake. Ukiyapaka hivyo hivyo, pasi ikipita maji yanageuka mvuke, na mvuke huo hauna adabu. Yarudishe motoni. Yatalialia kwenye sufuria, yaache yalie, na yakinyamaza ndipo yako tayari. Kupima moto, bana karatasi ya daftari: ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, weka chombo chini uzungumze na watu kidogo. Anza kisogoni, kwa sababu ukikosea huko hakuna anayeona, na ukifika kwenye paji la uso mkono umeshazoea. Na sikio alishike mwenyewe. Mteja akunje sikio lake kwa kidole chake mwenyewe, maana kidole kikihisi joto atapiga kelele kabla sikio halijaguswa. Rukia kidole chake kilikuwa kwenye simu.

Chanuo lake Binti Mfaume hakuniazima hata siku moja. Ilinibidi nipate changu, na maduka ya wakati ule yalikuwa na rafu nyingi kuliko vitu. Siku moja nikiwa chooni, mahali ambapo mawazo mazuri mengi yamenijia maishani, nikaitazama bawaba ya mlango. Zilikuwa zile bawaba ndefu za kizamani, mabapa mawili ya chuma yaliyounganishwa mwishoni, yanafunguka na kujifunga. Nikaifungua, nikaifunga. Nikasema moyoni, hii ni pasi.

Kufika jioni nilikuwa nimeshaing'oa. Mlango ukabaki umeegeshwa tu, na baba yangu, mwalimu wa madrasa, mtu wa heshima zake, ikawa kila akiingia humo anakohoa mfululizo ili watu wasisogee. Mama akaanza kumchemshia tangawizi. Mimi nikaipeleka bawaba kwa mhunzi mmoja wa Kimakonde aliyekuwa na karakana nyuma ya soko.

"Hii ya nini, binti?"

"Ya jikoni."

Hakuuliza zaidi, na ndiyo maana nilimpenda. Akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaongezea vishikio vya mpingo ili mkono usiungue. Ilibana nywele juu na chini kwa mpigo mmoja, jambo ambalo chanuo haliwezi. Binti Mfaume alipoiona aliigeuza mara mbili, akainusa, akasema, "Inanuka choo." Kisha akafungua kilemba, akakaa mbele yangu nimchome. Cheti kingine sijawahi kupewa, wala sikukihitaji.

Nikaolewa Miteja. Mume wangu Selemani alikuwa utingo wa lori la mizigo, mwezi mzima nikimwona siku nne, na nilimpenda zile siku nne na nyingine zote. Nikabaki nyumbani na mavyaa wangu, mama yake, Bi Mwanaisha. Alikuwa mwanamke wa maneno kumi kwa siku, na manne kati ya hayo yalikuwa ya kumshukuru Mungu. Aliswali kila swala kwa wakati wake na hakuna mtu pale kijijini aliyewahi kusikia uongo kinywani mwake. Nilijua hakunichagua yeye. Alitaka mkwe anayejua jembe, akaletewa mimi kutoka mjini, ninayelishika jembe kwa vidole viwili. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba siku moja atapata sababu ya kumwambia mwanawe anirudishe Kivinje, na mwanawe hakuwahi kumkatalia mama yake kitu. Kwa hiyo pasi nilimficha. Niliiweka ndani ya kinu kibovu nyuma ya jiko.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wametolewa kwenye mikorosho yao walikotawanyika, wakapangwa pamoja kwa mistari. Nyumba zilinyooka, njia zikanyooka, mashamba yakapimwa kwa kamba yakanyooka. Nywele tu ndizo zilizokatazwa kunyooka.

Aliyezikataza ni mwenyekiti wa kijiji. Jina lake nalihifadhi, wajukuu zake wapo na wengine nimewachoma nywele. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa wa semina. Alikwenda semina Lindi akarudi na daftari limejaa, na kila jioni likafunguliwa mbele yetu. Siku hiyo akasimama akasema, "Ndugu wananchi, kasumba imeingia vichwani! Na ninaposema vichwani, namaanisha vichwani!" Halafu akasoma adhabu. Chombo cha kuchomea nywele kitachukuliwa. Aliyechomwa atalima shamba la kijiji wiki mbili. Anayechoma, kama ni mgeni, atarudishwa kwao. Alipofika hapo akaniangalia. Wageni pale kijijini tulikuwa mmoja.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha. Nilijaribu, wallahi, karibu siku tano. Lakini wanawake wa Miteja walikuwa wameshaonja. Na fikirini, nywele zenyewe zilikuwa chini ya kanga, mwenyekiti angezionaje? Hakuweza kumsimamisha mke wa mtu njiani amwambie afunue kichwa. Wazee wa msikiti wasingemwacha salama. Nywele zilionwa na mume chumbani, na wanawake wenzetu harusini na unyagoni, na huko ndiko waliko mahakimu wakali. Basi wakawa wanakuja alasiri, mavyaa akiwa amelala, na kijungu mkononi, kuomba moto. Jiko langu likapata sifa ya ajabu. Mwanamke anakuja kuomba kaa moja, anachukua saa nzima kulichagua.

Wiki moja ya msimu wa korosho akaanza kupita Hawa, mke wa mwenyekiti. Mara ya kwanza aliomba moto, nikampa kaa, akaondoka nalo kweli. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akasimama mlangoni akiangalia kichwa changu, akameza mate, akaenda zake na kaa lingine. Jumanne akaja mara ya nne.

"Hodi."

"Karibu dada Hawa. Mwenyekiti hajambo?"

"Hajambo, yuko shamba la kijiji anahutubia mihogo. Nimekuja kuomba moto."

"Moto gani?"

"Ule wako, Somoe, usinitese." Akaingia akafunga mlango. "Jumamosi mdogo wangu anaolewa Kivinje. Mawifi wote wamechoma. Mimi nisimame katikati yao na kichwa cha semina?"

Nikacheka, na nilipocheka nilikuwa nimeshakubali. Nyuma yake wakaingia wengine wawili waliokuwa wamejibanza kwenye mgomba, maana mke wa mwenyekiti akithubutu, nani tena aogope. Nikaenda kwenye kinu nikaitoa pasi. Ilikuwa na ute mweusi kwenye mabapa. Nikadhani kutu ya unyevunyevu, nikaifuta kwa kitambaa haraka haraka, nikaiweka kwenye makaa. Haraka hiyo ndiyo kosa langu kubwa katika miaka yote ya kazi, nawaambia bila kujitetea. Chombo cha kazi kikibadilika rangi, uliza kwanza.

Moshi wa kwanza ulitufanya tutokwe machozi.

"Somoe, nani anachoma korosho?" Hawa akauliza, kafumba macho.

"Majirani." Msimu huo Miteja nzima ilinuka korosho, sikuwa na sababu ya kushangaa.

"Mbona kama wako sikioni mwangu?"

"Shika sikio lako vizuri, mama. Utaharibu mstari."

Nywele zilitoka nzuri ajabu, zikalala, zikang'aa kuliko siku zote. Nilijisifu. Wote watatu waliondoka na kaa moja moja ili kutunza uongo wetu.

Asubuhi yake vidole vyangu vilikuwa na malengelenge. Habari zikaja kupitia kisimani: Hawa sikio limevimba, wa pili sikio, wa tatu sikio na paji la uso. Nikatoka uani, na hapo nikamkuta mavyaa wangu amekaa kwenye kigoda, ungo wa korosho mapajani, na mkononi pasi yangu.

Anaweka korosho katikati ya mabapa, anabana, ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Anaweka nyingine. Kando yake kulikuwa na debe, na maganda yamejaa chini. Ninyi watoto wa saluni labda hamjui kwamba ganda la korosho lina mafuta makali, ndiyo yanayotubabua mikono kila msimu. Mafuta hayo hayo nilikuwa nimeyapasha moto nikayapitisha kwenye vichwa vya watu.

"Kidude chako hiki nimekiokota kwenye kinu," akasema bila kuinua macho. "Kinajua kazi."

"Tangu lini, mama?"

"Jumatatu."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Nikisema siyo ya korosho, ataniuliza ni ya nini, na hapo nitakuwa nimejifungia mzigo mwenyewe wa kurudi Kivinje. Nikasema, "Nimefurahi kimekufaa, mama." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa ajili ya masikio ya watu na kwa ajili ya pasi yangu.

Hawa alipoulizwa na mumewe alijibu, "Korosho." Wa pili akajibu korosho. Wa tatu akajibu korosho. Walikuwa wamepatana, na kichekesho ni kwamba hakuna hata mmoja aliyejua anasema kweli. Mwenyekiti hakuwa mjinga. Korosho huunguza vidole, na midomo ya walafi. Masikio matatu katika kijiji kimoja siku moja, yote ya upande wa kulia, hapo akaona kuna mkono wa mtu. Mkono wenyewe ulikuwa na malengelenge nami nimeuficha ndani ya kanga.

Ijumaa baada ya swala akaja na wazee wawili na daftari lake. Mavyaa alikuwa barazani na ungo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wengi hivyo, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tumeambiwa humu kuna chombo cha kuchomea nywele. Utatuwia radhi, tunatafuta."

"Tafuteni."

Wakatafuta. Walifungua sanduku langu la nguo, wakainama chini ya kitanda, wakachungulia mtungi wa unga. Mzee mmoja akatia mkono kwenye kinu, akatoka na mjusi. Muda wote huo mavyaa anabangua, ta, ta, ta, punje zinaangukia kwenye ungo. Mimi nimesimama mlangoni, mikono ndani ya kanga. Mwishowe mwenyekiti akarudi barazani kufuta jasho, na akafuta nusu tu.

"Mama, hicho ulichoshika ni nini?"

"Kibangulio changu."

"Nilichoelezwa mimi ni chuma, mabapa mawili, kishikio cheusi."

"Ndicho hiki. Waliokueleza wana macho."

Mwenyekiti akapiga magoti mbele yake kwa adabu. "Mama, sisi sote hapa tunakujua. Wewe ni mtu wa swala na hujawahi kudanganya. Sitaki kupekua tena. Apa tu, halafu sisi tuondoke."

Hapo nilikata tamaa, nawaambia ukweli wangu. Kuapa uongo asingeapa, si kwa ajili ya mwanawe, sembuse kwa ajili ya mkwe asiyejua jembe. Na akisema kweli, ni mimi na sanduku langu barabarani, tukimsubiri Selemani apite na lori lake anishushe kwa baba yangu. Nikaanza kufikiria baba atauliza nini, na nikakumbuka mlango wa choo.

Mavyaa akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono wa kulia, vidole vimebabuka, vyeusi.

"Wallahi, billahi, watallahi," akasema, "hiki nimebangulia korosho kwa mkono wangu huu, debe zima, tangu Jumatatu. Aliyebangua humu ndani ni mimi. Kama nasema uongo, Mungu anione."

Mzee wa mjusi akaokota punje kwenye ungo. "Nzima," akasema, akaitafuna. Akaokota nyingine. Mwenyekiti akaichukua pasi, akainusa, na kwa kuwa ilinuka korosho tupu, akakunja uso. Akaweka korosho, akabana. Ikatoka nzima. Akaweka ya pili. Nilimwona jinsi uso wake ulivyokuwa ukibadilika, kutoka mpekuzi kuwa mtu mwenye wazo. Alibangua zaidi ya ishirini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri, na kila akifikiri ana tabia ya kujikuna sikio, alijikuna sikio. La kulia.

Jumamosi asubuhi liliamka limevimba kuliko ya wanawake wote watatu. Hawa alikuwa keshakwenda harusini Kivinje na nywele zake zimelala mpaka mabegani. Naambiwa huko hakuna aliyelitazama sikio. Aliporudi Jumapili akamkuta bwana kalala upande, akamuuliza amepatwa na nini. Akajibu, "Korosho." Hawa akampaka mafuta ya nazi pole pole, na alikuja kunihadithia kwamba alijing'ata ulimi mpaka ukauma.

Mkutano uliofuata sikio likiwa bado linang'aa, mwenyekiti akatangaza kwamba zile tuhuma zimefutwa. Halafu akafungua ukurasa mpya wa daftari. Akasema kijiji chetu kimepata chombo kilichobuniwa na mama wa kijijini kwa akili yake mwenyewe, na kwamba huko ndiko kujitegemea. Akaagiza vitengenezwe kumi na viwili kwa mhunzi wa Kivinje, vigawiwe kupitia mabalozi wa nyumba kumi, kwa wanawake. Wanawake walipiga makofi mpaka wanaume wakageuka kuangalia kuna nini. Mhunzi yule alipopelekewa pasi yangu kama mfano, aliitambua mara moja. "Za jikoni tena?" akauliza, na tena hakuuliza zaidi.

Ndivyo pasi kumi na mbili za nywele zilivyoingia Miteja kwa baraka za serikali ya kijiji. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha akina mama kubangua, kuosha kwa majivu, na mengineyo. Wageni wa wilaya walipokuja, wanawake walikaa mstari mmoja wakabangua mbele yao, kanga zimefungwa vizuri vichwani, na mgeni mmoja akasifu jinsi kina mama wa pale walivyoshikilia mila. Baadaye zikaja dawa za kopo, nikazitumia, na ukaja umeme, huu wa gesi ya hapa hapa Songo Songo unaokatika ukiwa umechoma nusu kichwa. Nimezijua pasi nyingi. Ile ya bawaba bado ninayo, na Rukia aliponisumbua na swali lake niliitoa nikampa ainuse. Akasema inanuka korosho.

Nimelibakiza jambo moja la Ijumaa ile. Mwenyekiti na wazee walipoondoka, mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Mavyaa akaingia ndani na pasi yangu, akaniita.

"Somoe. Unadhani mimi sina pua? Nywele zikiungua sisikii harufu?"

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Nyamaza nimalize. Nilipomwona Hawa anakuja kuomba moto hapa, na kwake mafiga yanawaka tangu alfajiri, nikajua ipo siku nitaulizwa. Mimi sijawahi kumtia Mungu kwenye uongo, na siwezi kuanzia kwenye nywele. Ikabidi nitafute kweli ya kuapia. Nikaenda kwenye kinu, nikabangua."

Nilimtazama vidole vyake, vimebabuka vyote kumi. Mwanamke wa umri ule, debe zima, kwa ajili yangu.

"Lakini mama," nikasema, "masikio ya watu..."

"Nilikiacha kichafu makusudi, unikabili. Uniulize, 'Mama, nani kachafua pasi yangu?' Ungeuliza, ningekwambia uioshe. Hukuniuliza, ulinificha, na mimi nikakuficha kwamba najua. Masikio yale tumeyaunguza wawili." Hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima, akapumzika kidogo. "Siku nyingine uniambie. Mimi ndiye mama yako hapa."

Nililia kwa sauti, yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza, akafungua kanga yake ya kichwani. Sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, nyingi, zimesukwa mafungu manne ya haraka haraka.

"Ioshe kwa majivu," akasema. "Mara tatu."

Niliiosha mara tano. Nikaipasha, nikabana karatasi, nikasubiri, nikabana tena. Nilikuwa naogopa kichwa kile kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nikaanza kisogoni, fungu la kwanza likalala laini mkononi mwangu, moshi mdogo ukapanda. Nilipofika pembeni nikamwambia, "Mama, shika sikio." Akalikunja kwa kidole chake kilichobabuka, ametulia.

Hapo hapo tukasikia viatu barazani.

"Hodi! Ni mimi mwenyekiti. Nimesahau daftari langu."

Mkono wangu ukaganda hewani na pasi inatoa moshi. Mavyaa hakugeuza hata shingo.

"Lipo hapo kwenye kigoda, mwanangu, lichukue," akasema. "Sisi huku ndani tunabangua."